Boliti na beringi za gurudumu la nyuma: kazi ndogo inayobeba roho za watu

Madereva wengi hawashtuki boliti moja ya gurudumu inapokatika, wala beringi iliyochoka inapoanza kuvuma kwa sauti hafifu. Lakini katika jimbo la Ontario nchini Kanada, magurudumu yaliyochomoka yamewahi kuua watu barabarani, na sheria ikabadilishwa kwa sababu hiyo. Makala hii inaeleza jinsi boliti na beringi za nyuma zinavyobadilishwa katika gari la spoti ambalo jina lake halijasahauliwa Afrika Mashariki, Datsun 240Z, na kwa nini kazi hiyo haitaki haraka.

Mount Dennis ni mtaa ulioko upande wa magharibi wa jiji la Toronto, kandokando ya barabara ya Weston Road. Kwa miaka mingi mtaa huo uliishi kwa kutegemea kiwanda kikubwa cha kampuni ya Kodak, kilichotengeneza filamu na vifaa vya kupigia picha. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2005. Majengo yake karibu yote yakabomolewa, isipokuwa jengo namba 9, lililojengwa mwaka 1940 kwa ajili ya mapumziko ya wafanyakazi. Jengo hilo lilihifadhiwa na kufanywa sehemu ya kituo cha Mount Dennis cha njia ya reli ya Eglinton.

Leo mtaa huo ni makao ya wahamiaji kutoka pande nyingi za dunia, wakiwemo watu wa Karibiani, Ufilipino na Pembe ya Afrika. Kama ilivyo katika mitaa mingi ya wafanyakazi, gari hapa ni chombo cha kutafutia riziki, na mara nyingi ni gari lililokwishapita mikononi mwa watu wengine. Ndiyo maana swali la nani amelikaza gurudumu, na amelikaza vipi, linamhusu kila mtu.

Gari lililoshinda Safari

Datsun 240Z lilianza kutengenezwa nchini Japani mwaka 1969, na likauzwa kwa wingi katika Amerika ya Kaskazini hadi mwaka 1973. Ni gari la viti viwili, lenye injini ya silinda sita ya lita 2.4 na uzito wa tani moja hivi. Jambo lililolitofautisha na magari mengi ya bei yake ni kwamba kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake, bila kulivuta la upande wa pili.

Afrika Mashariki ililifahamu gari hilo kwa vumbi na matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, akiwa na msaidizi wake Hans Schüller, alishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki kwa kutumia 240Z. Nafasi ya pili ilichukuliwa na Shekhar Mehta, naye akiwa katika gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 zamu ya Mehta ikafika. Akisaidiwa na Lofty Drews, aliibuka mshindi kwa mara ya kwanza, na baadaye akashinda mfululizo mara nne, kuanzia mwaka 1979 hadi 1982.

Mehta alizaliwa Uganda. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia nchini humo, maelfu miongoni mwao walipokelewa Kanada, na wengi wakajenga maisha mapya Toronto na vitongoji vyake. Kwa hiyo gari ambalo kwa Mkanada ni kumbukumbu ya ujana, kwa mtu aliyekulia Kampala, Nairobi au Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kusimama kando ya barabara siku za Pasaka, akingoja kuona taa za gari la kwanza.

Magari hayo sasa yamepita miaka 50. Waliobaki nayo huyafungia ndani majira ya baridi na kuyatoa majira ya kuchipua. Hata hivyo, mengi yaliendeshwa mwaka mzima katika miaka ya 1970 na 1980, na majeraha ya wakati huo bado yamo ndani ya vyuma.

Kinacholishika gurudumu

Ili kuielewa kazi hii, yafaa kwanza kuondoa dhana moja iliyoenea. Watu wengi hudhani kwamba gurudumu linaning'inia juu ya boliti zake, kama koti linavyoning'inia juu ya msumari. Sivyo ilivyo. Nati inapokazwa, boliti hunyooka kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho, nayo hutaka kurudi katika urefu wake kama springi. Nguvu hiyo ya kutaka kurudi ndiyo inayoibana rimu dhidi ya uso wa habu. Msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba mzigo wa gari, breki na kona.

Nyuma ya 240Z kila gurudumu lina boliti nne, ambazo mafundi huziita stadi, zenye unene wa milimita 12. Zikikazwa kwa nyutoni mita 85 hivi, na hesi zake zikiwa safi na kavu, kila boliti hubana kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani tatu na nusu. Kwa boliti nne, hizo ni tani 14 za kulibana gurudumu la gari lenye tani moja tu. Hapo ndipo usalama ulipo.

Kubana huko kukipungua, rimu huanza kucheza. Mchezo huo huzikunja boliti huku na huko katika kila mzunguko, na chuma kinachokunjwa mara maelfu hukatika kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa kwa vidole. Boliti ya kwanza ikikatika, mzigo wake huhamia kwa zilizobaki, na muda si mrefu nazo hufuata.

Kukaza kupita kiasi nako kuna madhara yake. Bunduki ya upepo inayotumiwa ovyo huweza kuivuta boliti mpaka ipite uwezo wake wa kurudi. Boliti ya namna hiyo huonekana nzima, lakini imekwisha nguvu. Mafuta au grisi kwenye hesi huleta tatizo lilo hilo kwa njia nyingine: spana husoma kipimo kile kile, ilhali boliti imevutwa zaidi. Kutu, kwa upande wake, hufanya kinyume. Huila nguvu ya mkono kabla haijafika kwenye boliti, na dereva akaondoka akiamini kwamba gurudumu limekazwa.

Baridi, chumvi na sauti ya beringi

Barabara za Toronto hunyunyiziwa chumvi majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, maelfu ya tani kila mwaka. Chumvi hiyo huokoa maisha, lakini pia huyala magari. Maji yake huingia penye ufa, hukaa kati ya rimu na habu, na hupenya kwenye sili za mpira zinazolinda grisi ya beringi.

Kazi ya beringi ni kuliwezesha gurudumu kuzunguka bila kuyumba. Ndani yake mna gololi za chuma kigumu, zinazotembea katikati ya pete mbili zilizosuguliwa hadi kung'aa. Maji yakiingia, grisi hupoteza utelezi, na vidoa vidogo vya kutu huota juu ya njia za gololi. Gari lililosimama muda mrefu nalo haliko salama: unyevu hukusanyika, grisi hukauka, na gololi huacha alama mahali zilipokaa.

Dalili ya kwanza ni sauti. Mvumo huanza kwa mbali, ukipanda na kushuka pamoja na mwendo wa gari, si pamoja na mzunguko wa injini. Dereva anapokata kona kwenda kushoto, uzito huegemea magurudumu ya kulia. Mvumo ukizidi wakati huo, basi mara nyingi beringi ya kulia ndiyo mgonjwa. Dalili ya pili huonekana gari likiwa limeinuliwa: gurudumu likishikwa juu na chini na kutikiswa, hucheza. Dalili ya tatu ni joto lisilo la kawaida katikati ya gurudumu baada ya safari fupi.

Jinsi kazi inavyofanywa

Katika 240Z, boliti na beringi za nyuma ni kazi zinazokwenda pamoja. Boliti zimeshindiliwa kwenye kisahani cha shafti fupi, inayopita ndani ya sehemu ya chini ya nguzo ya shokomzoba. Shafti hiyo huzunguka juu ya beringi mbili, moja ya nje karibu na gurudumu na nyingine ya ndani. Fundi anayeitoa shafti kwa ajili ya beringi hupata nafasi nzuri ya kubadilisha boliti, na anayeitoa kwa ajili ya boliti atakuwa amejipunguzia gharama akibadilisha na beringi.

Gari huwekewa vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, huinuliwa kwa jeki, kisha huteremshwa juu ya vigingi vya chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kuegemea; hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Drumu ya breki inapotolewa, kuna hatari nyingine isiyopiga kelele. Lainingi za breki za miaka hiyo zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Kanada ilipiga marufuku bidhaa zake mwaka 2018, lakini gari la mwaka 1972 lililokaa bandani halijui habari za marufuku. Vumbi hilo lisipulizwe kwa upepo wala kufagiliwa likiwa kavu. Hulowanishwa kwanza, hufutwa kwa kitambaa, na kitambaa hutupwa kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko.

Baada ya hapo shafti ndefu inayotoka kwenye difu hufunguliwa, na nati kubwa iliyo upande wa ndani huonekana. Kiwandani, ukingo wa nati hiyo uligongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti ili isifunguke. Ni lazima ukingo huo uinuliwe kwa tindo kabla spana haijawekwa. Anayelazimisha bila kuuinua huziharibu hesi za shafti, na shafti za magari haya hazipatikani kirahisi tena. Nati ya zamani hairudishwi. Kazi yake imekwisha.

Nati ikishatoka, shafti huvutwa nje kwa chombo chenye uzito unaoteleza juu ya fimbo na kugonga mwishoni mwake. Hapa ndipo miaka ya chumvi inapodai malipo yake. Katika gari lililotunzwa vizuri, shafti hutoka kwa mapigo machache. Katika gari lililoliwa na kutu, fundi huweza kushinda nayo mchana kutwa, na nyundo ya kawaida ikitumiwa kwa hasira huikunja ncha ya shafti.

Shafti hutoka na beringi ya nje ikiwa bado juu yake, na beringi ya ndani hubaki katika nyumba yake ndani ya nguzo. Katikati ya beringi hizo mbili kuna bomba fupi la chuma ambalo wengi hulidharau. Bomba hilo limekatwa kwa urefu unaolingana na nyumba ya beringi, na kiwanda kiliweka alama za herufi, A, B au C, ili kila nyumba ipate bomba lake. Likichanganywa na la upande wa pili, beringi mpya zitabanwa ubavuni, na zitakufa mapema bila mtu kujua sababu.

Kanuni ya kuingiza beringi mpya ni moja tu: nguvu ipitie kwenye pete inayoshindiliwa. Beringi inapoingizwa kwenye shafti, husukumwa pete ya ndani. Inapoingizwa kwenye nyumba yake, husukumwa pete ya nje. Nguvu ikipita kwenye gololi, zitaacha mashimo madogo, na mvumo utarudi kabla ya mwaka kwisha. Nafasi kati ya beringi hupakwa grisi mpya, sili hubadilishwa, na nati mpya hukazwa kwa kipimo kikubwa, nyutoni mita 245 hadi 324 kwa mujibu wa kitabu cha gari. Kisha ukingo wake hugongwa uingie kwenye mfereji, kama wa kwanza.

Magari ya spoti ya siku hizi yana muundo tofauti. Mengi hutumia beringi iliyofungwa kama kasha moja, isiyofunguliwa wala kutiwa grisi. Ikichoka hutupwa yote. Baadhi ya makasha hayo yana upande mmoja wenye sumaku, unaosomwa na kifaa cha breki zisizojifunga. Kasha likiingizwa kinyume, gurudumu litazunguka vizuri, lakini kompyuta ya breki haitauona mzunguko huo.

Boliti mpya

Shafti ikiwa mezani, boliti za zamani husukumwa nje kwa mashine ya kukandamizia. Boliti mpya zina meno madogo chini ya kichwa, yanayoshika ndani ya tundu ili zisizunguke nati inapokazwa. Kosa la kawaida ni kuziacha kabla kichwa hakijakaa barabara. Boliti iliyobakiza hata nusu milimita itamalizia safari yake barabarani, chini ya mzigo wa gari. Wakati huo nati itakuwa imelegea bila kuguswa na mtu.

Urefu nao ni jambo la kuangalia, hasa kwa wanaopenda rimu pana za aloi. Rimu nene huimeza boliti. Kanuni inayofuatwa na mafundi ni kwamba nati ishike hesi kwa urefu usiopungua unene wa boliti. Kwa boliti ya milimita 12 yenye hesi za milimita 1.25, hiyo ni mizunguko tisa na nusu hadi kumi ya nati. Nati inayokwama baada ya mizunguko mitano haijashika, hata kama spana inasema imekaza.

Uso wa habu na mgongo wa rimu husuguliwa kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe. Kutu iliyobaki huwa kama mchanga chini ya mguu wa meza: itasagika, nafasi itatokea, na zile tani 14 zitapungua. Nati hukazwa kwa kuvuka, si kwa kuzunguka, na mkazo wa mwisho hufanywa kwa spana yenye kipimo, gari likiwa limeshushwa.

Sheria iliyoandikwa kwa damu

Katikati ya miaka ya 1990, magurudumu ya malori yalichomoka katika barabara kuu za Ontario na kuwaua watu waliokuwa wakisafiri katika magari yao. Gurudumu la lori lenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa halina usukani wala breki; huruka ukuta wa katikati na kuangukia kioo cha mtu asiyehusika.

Mwaka 1997 jimbo hilo lilitunga sheria kali. Gurudumu likichomoka kwenye gari la biashara likiwa barabarani, mwenye gari na mwendeshaji wa biashara hiyo huwa na hatia papo hapo. Utetezi kwamba walichukua kila tahadhari haukubaliwi. Faini ni kuanzia dola 2,000 hadi 50,000. Wasafirishaji walipinga, wakisema si haki kumtia mtu hatiani bila kuuliza alifanya nini. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya Ontario iliiacha sheria hiyo isimame, ikizingatia kwamba kosa hilo halina kifungo.

Sheria hiyo haiyagusi magari binafsi kama 240Z. Lakini fikra yake inafaa kila mahali: gurudumu halichomoki kwa bahati mbaya, bali kuna mkono ulioacha jambo bila kulimaliza.

Fundi na cheti chake

Kwa mafundi waliotoka Afrika Mashariki kuna suala jingine. Ontario ni miongoni mwa majimbo ambako ufundi wa magari ni kazi ya leseni. Mtu aliyetengeneza magari miaka 20 Gikomba au Gerezani hawezi kuajiriwa kama fundi kamili kwa ushahidi wa mikono yake tu. Chombo kinachosimamia jambo hilo tangu mwaka 2022, Skilled Trades Ontario, huruhusu mtu mwenye uzoefu wa nje kuomba utambuzi wa kazi yake, na akikubaliwa hufanya mtihani bila kuanza uanagenzi upya. Barua za waajiri wa zamani, zinazoeleza kazi gani ilifanywa na kwa muda gani, huwa na thamani kubwa. Wengi hujuta kwa kuziacha nyumbani.

Mwenye gari naye ana wajibu wake, na ni mwepesi. Katika Ontario madereva wengi hubadilisha magurudumu mara mbili kwa mwaka, ya baridi na ya kiangazi, ingawa sheria ya jimbo haiwalazimishi kama ilivyo katika jimbo jirani la Quebec. Kila mara gurudumu linapofungwa upya, rangi na kutu hujibana na nati huweza kulegea kidogo. Kwa hiyo baada ya kilomita 100 hivi, nati zote hukaguliwa tena kwa spana ya kipimo. Kazi hiyo huchukua dakika kumi, na karakana nyingi huifanya bila malipo kwa mteja anayekumbuka kurudi.